Bei Iliyofichwa Ndani ya Kifurushi: Slack, Teams na Ushindani wa Programu za Ofisini

Mtu anayechagua programu ya simu yake huijaribu, akaipenda au akaichukia, na uamuzi wake huishia hapo. Programu za ofisini haziendi hivyo. Anayezitumia kutwa nzima ni karani, mhasibu au mhandisi, lakini anayetia saini mkataba ni mkuu wa TEHAMA akiwa na mkurugenzi wa fedha, na wawili hao hawaulizani kama programu inapendeza kutumia. Wanaulizana itagharimu kiasi gani kwa kila mfanyakazi kwa mwaka, nani ataisimamia, na kama kitu cha aina hiyo hakijalipiwa tayari katika mkataba mwingine. Swali hilo la mwisho ndilo lililoamua ushindani wa Slack na Microsoft Teams, programu mbili za mazungumzo ya kazini. Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya kampuni changa iliyokanyagwa na kampuni kubwa, na kikiachwa hivyo hakimsaidii msomaji kuelewa visa vingine vinavyofanana nacho, navyo ni vingi na vinaendelea kutokea hivi sasa.

Slack haikuanza kama programu ya ofisini. Stewart Butterfield, Cal Henderson, Eric Costello na Serguei Mourachov waliunda kampuni iliyoitwa Tiny Speck mwaka 2009 ili watengeneze Glitch, mchezo wa kompyuta wa kuchezwa na watu wengi kwa pamoja mtandaoni. Mchezo ulifunguliwa Septemba 2011, haukupata wachezaji wa kutosha, ukafungwa Desemba 2012. Kilichosalia ni chombo ambacho watengenezaji wake walikuwa wamejiundia wenyewe ili wawasiliane wakiwa katika miji tofauti: kila jambo lilikuwa na chumba chake cha mazungumzo, na kila lililoandikwa lilihifadhiwa mahali ambapo mtu angeweza kulitafuta na kulipata hata miezi baadaye. Chombo hicho kilitangazwa Agosti 2013 na kufunguliwa kwa umma Februari 2014.

Namna kilivyoenea inahitaji kuangaliwa kwa makini. Watu watano au sita wa kitengo kimoja walifungua akaunti ya bure bila kumwomba mtu ruhusa, wakaacha kutumiana barua pepe. Akaunti ya bure iliwaonyesha jumbe 10,000 za mwisho tu, kwa hiyo baada ya muda mazungumzo ya zamani yalianza kujificha, na mkuu wa kitengo, akiona kumbukumbu za kazi yake zikitoweka, alitoa kadi ya benki akalipia. Kitengo cha pili kikaiga, kisha cha tatu, mpaka siku moja idara ya TEHAMA ikagundua kuwa nusu ya kampuni imehamia katika programu ambayo yenyewe haikuichagua. Hapo ndipo mkataba mmoja wa kampuni nzima ulipojadiliwa. Kufikia Januari 2019 Slack ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 10 kwa siku na mashirika 88,000 yaliyolipa. Mapato ya mwaka wake wa fedha ulioishia mwezi huo yalikuwa dola milioni 400.6, na hasara dola milioni 138.9.

Ndani ya hesabu hizo kulikuwa na takwimu moja iliyoashiria hatari. Wateja 575 tu, kila mmoja akilipa zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, walileta takriban asilimia 40 ya mapato yote. Programu ilikuwa imeingia maofisini kutokea chini, kwa mapenzi ya watumiaji, lakini fedha za kuiendesha zilitoka juu, kwa kampuni kubwa zenye idara za ununuzi na mikataba ya miaka kadhaa. Kampuni za ukubwa huo, takribani bila ubaguzi, zilikuwa tayari zinailipa Microsoft kwa ajili ya Word, Excel, Outlook na seva za barua pepe.

Microsoft yenyewe haikuwa mgeni katika mawasiliano ya ofisini. Ilikuwa imeinunua Skype mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5 na Yammer, mtandao wa kijamii wa ndani ya makampuni, mwaka 2012 kwa dola bilioni 1.2, na mapema mwaka 2016 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kuwa ndani yake kulikuwa na mjadala wa kuinunua Slack kwa takriban dola bilioni 8. Haikuinunua. Tarehe 2 Novemba 2016 mkuu wa Microsoft, Satya Nadella, alitangaza Teams mjini New York, na siku hiyohiyo Slack ililipia ukurasa mzima wa gazeti la New York Times, ikaikaribisha Microsoft katika biashara hiyo na kuiambia kwamba orodha ya uwezo wa programu haitoshi, kwamba kinachotakiwa ni uangalifu katika mambo madogo na uwazi wa kuunganika na programu za wengine. Kuhusu mambo madogo Slack ilikuwa na haki. Haikugusa kabisa suala la bei, na bei ndiyo iliyokuwa silaha ya mpinzani.

Teams ilipofunguliwa kwa wateja Machi 2017, haikuwekewa bei yake yenyewe. Ilitiwa ndani ya mipango iliyokuwepo ya Office 365, yaani kifurushi cha Microsoft cha programu za ofisini, kuanzia ule wa kampuni ndogo ulioitwa Business Essentials, uliouzwa dola 5 kwa mtumiaji kwa mwezi. Slack, kwa mpango wake wa kwanza wa kulipia, ilitoza dola 6.67 kwa mtumiaji kwa mwezi kama mteja amelipa ya mwaka mzima. Hii ina maana kwamba mazungumzo peke yake kwa Slack yalimgharimu mteja zaidi ya barua pepe, nafasi ya kuhifadhi mafaili na mazungumzo kwa pamoja kwa Microsoft.

Tukae kidogo katika chumba cha bajeti cha kampuni yenye wafanyakazi 400. Mhasibu ana jedwali mbele yake. Mstari mmoja ni wa Office 365, na mstari huo haugusiki, kwa sababu hakuna anayeweza kuiambia idara ya fedha iache kutumia Excel. Mstari mwingine ni wa Slack: dola 6.67 mara miezi 12 ni dola 80.04 kwa mtu, na mara watu 400 ni dola 32,016 kwa mwaka. Mkurugenzi wa fedha anauliza kama kuna kitu katika mstari wa kwanza kinachofanya kazi ya mstari wa pili. Mkuu wa TEHAMA anajibu kwa uaminifu kwamba kipo, ingawa vijana wa ufundi wanasema si kizuri kama kile wanachokitumia. Kuanzia hapo mjadala haulinganishi tena programu mbili. Unauliza kama ubora wa ziada wa moja kuliko nyingine unafikia thamani ya dola 32,016 kila mwaka, na anayetakiwa kuuthibitisha ubora huo ni mtu ambaye hakuhudhuria kikao.

Wachumi wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu, tangu enzi za makampuni ya filamu ya Marekani yaliyokuwa yakiyalazimisha majumba ya sinema kununua filamu kwa mafungu, na hesabu yake inaeleweka kwa mfano mdogo. Chukua wateja wawili. Wa kwanza anaona programu za kuandikia na kuhesabia zina thamani ya dola 20 kwake, na programu ya mazungumzo dola 3. Wa pili anaona za kuandikia zina thamani ya dola 14, na ya mazungumzo dola 9. Muuzaji akiuza kimoja kimoja, bei inayomlipa zaidi kwa programu za kuandikia ni dola 14, ili wote wawili wanunue, na kwa mazungumzo ni dola 9, ili anunue wa pili tu. Jumla anapata dola 37. Akiviunganisha katika kifurushi kimoja, kila mteja anakiona kina thamani ya dola 23, na akiwauzia wote kwa bei hiyo anapata dola 46. Hakuongeza chochote katika bidhaa yenyewe, amebadilisha namna ya kuiuza tu. Yeyote aliyewahi kununua kifurushi cha simu chenye dakika, ujumbe mfupi na data, akajua hatamaliza dakika, ameshiriki katika hesabu hii.

Hadi hapo kifurushi kinaonekana kuwa mbinu ya mauzo isiyomdhuru mtu mwingine. Madhara yanaonekana anapoingia mshindani. Tuseme kampuni changa inaleta programu ya mazungumzo ambayo mteja wa pili anaiona ina thamani ya dola 12, yaani bora kuliko ile ya kwanza yenye dola 9. Kama vitu vingeuzwa kimoja kimoja, kampuni hiyo ingeweza kutoza hata dola 11 na bado ikampata mteja, mradi mpinzani asishushe bei. Lakini mteja amekwisha kununua kifurushi, na ndani yake kuna mazungumzo ya thamani ya dola 9 ambayo hawezi kuyarudisha akapunguziwa. Kwa hiyo anachokinunua kwa kampuni changa ni ile tofauti ya dola 3 tu. Kampuni inayogharimia wahandisi, seva na wauzaji kwa ajili ya bidhaa nzima inalazimika kujiendesha kwa bei ya tofauti. Na kwa kuwa kumwongeza mtumiaji mmoja katika programu iliyokwisha kutengenezwa hakumgharimu mwenye kifurushi takriban chochote, anaweza kuendelea hivyo miaka yote bila kuhisi mzigo.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha jambo zima. Watu husema kwamba Teams ilitolewa bure. Haikuwa bure, kwani ililipiwa ndani ya bei ya Office. Kilichokosekana ni mstari wa kuonyesha ni kiasi gani cha bei hiyo kilichokwenda kwa Teams, na pasipo mstari huo mteja hakuwa na kitu cha kukata.

Bei haikufanya kazi peke yake. Kampuni kubwa ikinunua programu mpya hulazimika kuipitisha kwa wanasheria, kwa wakaguzi wa usalama wa data na kwa idara ya ununuzi, na kazi hiyo yaweza kuchukua miezi. Teams ilipita njia iliyokwisha kusafishwa: mkataba ni uleule, muuzaji ni yuleyule, mfanyakazi huingia kwa jina na nywila ileile anayofungulia kompyuta, na akiacha kazi, akaunti moja ikifungwa milango yote inafungwa. Zaidi ya hayo, programu ilijikuta imesakinishwa katika kompyuta za watu pamoja na Office bila wao kuiomba. Msimamizi wa mifumo mwenye watumishi wachache na kompyuta elfu tatu za kulinda ana sababu za haki za kupenda mpangilio huo, na sioni vema kumdharau kwa kuupenda.

Julai 2019 Microsoft ilitangaza kwamba Teams imefikia watumiaji milioni 13 kwa siku. Novemba walikuwa milioni 20. Kisha likaja janga la Uviko-19, ofisi zikafungwa, na katikati ya Machi 2020 idadi ilikuwa milioni 44, mwishoni mwa Aprili milioni 75, na Oktoba mwaka huohuo milioni 115. Slack ilijibu kwamba watumiaji wake huishi ndani ya programu, kwamba mtu hukaa ameunganishwa zaidi ya saa tisa kwa siku ya kazi na kuitumia kwa vitendo takriban dakika 90, na kwamba kumhesabu mtu aliyefungua programu kwa ajili ya mkutano mmoja si sawa na kumhesabu mtu anayefanyia humo kazi yake. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini wawekezaji walisoma idadi.

Ni haki pia kusema lile ambalo mashabiki wa Slack hawapendi kulisikia. Kilichohitajika zaidi mwaka 2020 kilikuwa mikutano ya video, na hapo Slack ilikuwa dhaifu. Microsoft ilikuwa na uzoefu wa miaka ya Skype na ikautia ndani ya Teams, na Zoom, ambayo haikuwa na kifurushi chochote nyuma yake, ilikua mwaka huohuo kwa kasi ya ajabu kwa sababu tu ilifanya mikutano ya video vizuri. Kama kifurushi kingekuwa ukuta usiopenyeka, Zoom isingepita. Ilipita kwa sababu ile tofauti niliyoieleza ilikuwa kubwa mno wakati huo: mkutano unaokatika kila dakika tano na mkutano usiokatika havilinganishiki. Tofauti kati ya Slack na Teams katika kutuma ujumbe wa maandishi ilikuwa ndogo, na kadiri Microsoft ilivyoirekebisha Teams ndivyo ilivyozidi kupungua.

Tarehe 22 Julai 2020 Slack iliwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulaya, chombo kinachosimamia sheria ya ushindani ya Umoja wa Ulaya, ikidai kwamba Microsoft imeifunga Teams kwa Office kinyume cha sheria, inaisakinisha kwa lazima kwa mamilioni ya watu, inazuia isiondolewe, na inawaficha wateja gharama yake halisi. Microsoft ilijibu kwamba watu waliichagua Teams kwa sababu inaunganisha mazungumzo na video, na kwamba Slack iliumia kwa kukosa video.

Ili kuelewa kwa nini malalamiko hayo yalikuwa na uzito kisheria, lazima ijulikane kwamba kuuza vitu pamoja si kosa kwa yenyewe. Duka la viatu linauza viatu vikiwa na kamba zake na hakuna anayeshtakiwa. Sheria ya ushindani ya Umoja wa Ulaya huingilia pale ambapo muuzaji ana nguvu kubwa katika soko la kitu cha kwanza, kitu cha pili ni bidhaa tofauti yenye soko lake, mteja hapewi nafasi ya kuchukua cha kwanza bila cha pili, na matokeo yake ni kuwafungia nje wapinzani bila sababu ya msingi ya kiufundi au ya kiuchumi. Kwa Teams, mengi ya masharti hayo hayakuwa magumu kuyaonyesha. Ugumu ulikuwa katika tiba.

Tume ilikwisha kujifunza ugumu huo kwa uchungu. Mwaka 2004 iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497, na pamoja na mengine ikaiagiza iuze Windows isiyo na programu yake ya kuchezea muziki na video, Windows Media Player. Microsoft ikatii. Ikatoa toleo lisilo na programu hiyo, kwa bei ileile ya toleo lenye nayo. Matokeo yake yalitabirika, kwa maana hakuna mnunuzi mwenye akili timamu atakayechagua kupewa pungufu kwa fedha zilezile, na toleo hilo halikupata soko. Baadaye ukaja mgogoro wa vivinjari, Microsoft ikaahidi mwaka 2009 kuwaonyesha watumiaji skrini ya kuchagua kivinjari, ikashindwa kutekeleza kwa watumiaji wengi, na Machi 2013 ikatozwa euro milioni 561. Tatizo la kivinjari lilikuwa la kuonekana mbele ya macho ya mtumiaji. Lile la Media Player lilikuwa la bei, na ndilo lililorudi na Teams.

Uchunguzi rasmi wa Teams haukufunguliwa hadi tarehe 27 Julai 2023, miaka mitatu kamili baada ya malalamiko, na kwa wakati huo kampuni ya Kijerumani ya mikutano ya video, alfaview, nayo ilikuwa imelalamika. Microsoft haikusubiri hukumu. Kuanzia Oktoba 2023 iliwauzia wateja wakubwa wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya na Uswisi mipango isiyo na Teams, ikipunguza euro 2 kwa mtumiaji kwa mwezi, huku Teams yenyewe ikiuzwa kando kwa euro 5. Angalia nambari hizo mbili zikiwa pamoja: anayeikataa Teams anarudishiwa 2, anayeihitaji peke yake analipa 5. Mshindani anayetaka kumpata mteja aliyeikataa anashindana na punguzo la euro 2, wala si na bei ya euro 5.

Aprili 2024 mgawanyo ulitandazwa duniani kote kwa wateja wakubwa wapya, kwa hiyo ofisi ya Dar es Salaam au Nairobi iliyoingia mkataba wake wa kwanza baada ya hapo ilikutana na mistari miwili pale ambapo zamani ulikuwa mmoja. Mpango wa E3, mmojawapo wa mipango ya makampuni makubwa, ambao Marekani ulikuwa dola 36 ukiwa na Teams ndani yake, ukawa dola 33.75 bila Teams, na Teams ikawa dola 5.25. Mteja mpya aliyetaka vyote viwili akawa analipa dola 39. Wateja wa zamani waliruhusiwa kubaki na mpango wao. Nimeona watu wakifurahia tangazo hilo kama ushindi wa mteja, na sielewi kwa nini. Kwa mteja mpya aliyekuwa akiihitaji Teams, kufunguliwa kwa kifurushi kulimaanisha nyongeza ya dola 3 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kifurushi kikifunguliwa na aliyekifunga, yeye ndiye anayegawa bei, naye hawezi kutarajiwa kuigawa kwa faida ya mpinzani wake.

Tume nayo haikuridhika. Juni 2024 iliiandikia Microsoft maelezo ya mashtaka ikisema, kama msimamo wa awali, kwamba mabadiliko hayo hayatoshi kurudisha ushindani. Tarehe 12 Septemba 2025 ilikubali ahadi mpya na kuzifanya ziwe za lazima: tofauti ya bei kati ya mipango yenye Teams na isiyo nayo iongezwe kwa asilimia 50 kwa baadhi ya mipango, ikawa kati ya euro 1 na euro 8 kutegemea mpango, wapinzani waweze kuunganika vizuri na Word, Excel na Outlook, na wateja wa Ulaya waweze kuhamisha data zao kutoka Teams kwenda kwa wapinzani. Ahadi kwa jumla zina muda wa miaka saba, na zile za kuunganika na kuhamisha data miaka kumi. Hapakuwa na faini.

Naona sehemu ya kuunganika na kuhamisha data ina thamani kuliko sehemu ya bei, ingawa ndiyo iliyopewa nafasi ndogo katika habari. Kampuni iliyofanya kazi ndani ya Teams kwa miaka saba ina humo mazungumzo, mafaili, rekodi za mikutano na maamuzi yake. Hata ukimpunguzia euro 8, mkuu wa TEHAMA hatahama kama kuhama kunamaanisha kuviacha vyote hivyo nyuma.

Kati ya malalamiko na ahadi ilipita miaka mitano na ushei, na mlalamikaji hakuwa tena kampuni ileile. Slack iliyoingia Soko la Hisa la New York Juni 2019, ikifunga siku ya kwanza kwa dola 38.62 kwa hisa, ilikuwa imerudi karibu na dola 30 mwishoni mwa Novemba 2020, kabla tu habari za kununuliwa hazijavuja. Tarehe 1 Desemba 2020 Salesforce, kampuni kubwa ya Marekani inayouza programu za kusimamia wateja na mauzo, ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 27.7, na ununuzi ukakamilika Julai 2021. Butterfield aliondoka Januari 2023. Bei hiyo ni kubwa, wala si bei ya kampuni iliyokufa, na walioianzisha hawakuwa na cha kulia. Lakini uamuzi wa kuuza unaeleweka zaidi ukiusoma pamoja na hesabu ya tofauti: aliyeshindwa kukikabili kifurushi kwa bidhaa moja alikwenda kutafuta hifadhi ndani ya kifurushi kingine.

Na Slack iliyomo ndani ya Salesforce imeanza kuwa na tabia za mwenye kifurushi. Mwaka 2025 ilibadilisha masharti yake ili kampuni nyingine zisiweze kuchota kwa wingi na kuhifadhi jumbe za wateja kwa ajili ya huduma zao za kutafuta taarifa kwa akili unde, jambo lililozigusa kampuni changa zilizojenga biashara zao juu ya uwazi uleule ambao Slack ilijisifia mwaka 2016. Mwaka huohuo ilipandisha mpango wake wa Business+ kutoka dola 12.50 hadi dola 15 kwa mtumiaji kwa mwezi, na kuingiza ndani yake huduma za akili unde zilizokuwa zikiuzwa kando.

Kwenye akili unde ndiko ushindani ulikohamia. Microsoft ilianza kuuza Copilot, msaidizi wake wa akili unde, kwa makampuni Novemba 2023 kama nyongeza ya dola 30 kwa mtumiaji kwa mwezi, ikiwa na mstari wake na bei yake, na kwa hiyo kila mkurugenzi wa fedha aliweza kuuliza anapata nini kwa dola hizo. Google nayo ilianza hivyohivyo na Gemini, akili unde yake, kisha Januari 2025 ikaacha kuiuza kando, ikaiingiza katika mipango ya ofisini ya Workspace, kifurushi chake cha programu za kazi, na kupandisha bei. Mpango wa Business Standard ukatoka dola 12 hadi dola 14. Kampuni changa inayouza msaidizi wa kuandika au wa kufupisha mikutano kwa dola 10 ilijikuta, kwa wateja wote wa Google, inashindana na kitu kilichokwisha kulipiwa.

Mwezi huohuo wa Januari Microsoft iliingiza Copilot katika mipango ya watu binafsi na familia nchini Marekani na kupandisha bei kwa dola 3 kwa mwezi. Nchini Australia mabadiliko ya namna hiyo yalifika mahakamani: Oktoba 2025 mamlaka ya ushindani na ulinzi wa mlaji ya nchi hiyo ilifungua shauri ikidai kwamba wateja takriban milioni 2.7 walielezwa kuwa wana njia mbili tu, kukubali Copilot kwa bei mpya au kujiondoa, ilhali ulikuwepo mpango wa tatu, usio na Copilot na wenye bei ya zamani. Kwa mujibu wa madai hayo, mpango huo mteja aliuona pale tu alipokwisha kuanza hatua za kufuta usajili wake.